Kuyangoja Maji ya Hudson

Mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi juu ya jiwe ukingoni mwa mto Hudson, pale kijiji cha Cold Spring katika jimbo la New York, kafi lake amelilaza mapajani. Kayaki yake ilikuwa juu ya changarawe, hatua mbili kutoka majini. Ilikuwa asubuhi ya Julai. Jua halijapata ukali, upepo hakuna, mto umetulia kama mafuta ndani ya sufuria. Mpita njia yeyote angesema hiyo ndiyo saa ya kuondoka, lakini yeye hakuondoka.

Alikuwa amechomeka kijiti mchangani, maji yalipokomea kujaa, na sasa maji yalikuwa yamekiacha kwa upana wa viganja viwili. Nilikulia Pangani, kijiti cha namna hiyo nakijua tangu utotoni. Maji yameanza kupwa, na yeye alikuwa anateremka kwenda baharini. Nikamuuliza anangoja nini. Akaninyooshea kidevu kuelekea boya la njia ya meli, katikati ya mto. Boya lilikuwa limeinama kaskazini, na nyuma yake maji yalikuwa yakichora mkia mrefu, kaskazini vilevile.

Nikakaa naye hadi boya liliposimama wima. Tulikaa muda wa saa nzima.

Hudson unatoka milima ya Adirondack na una urefu wa kama kilomita 507. Kuanzia ukuta wa bwawa la Troy hadi ncha ya kusini ya Manhattan, kilomita 246, mto huo ni mkono wa bahari. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50, na hata kule Troy hupanda zaidi ya mita moja. Wamohikani, waliokuwa na mto huo kabla ya Henry Hudson kuingia na meli yake mwaka 1609, waliuita Mahicantuck, jina ambalo hufasiriwa kuwa mto utiririkao pande mbili. Masika ya kule, theluji inapoyeyuka milimani, maji ya juu huwa na nguvu ya kushindana na bahari. Katika majira ya joto mto hukonda, na bahari hutawala karibu kila kitu.

Ndiyo maana kijiti peke yake hakitoshi. Kijiti kinakwambia kina kimeanza kushuka. Hakikwambii mkondo umegeuka. Mto mrefu kama huu una uzito, na maji yaliyokwisha kushika njia ya kwenda juu huendelea kwenda juu hata baada ya kina kuanza kupungua. Asiyejua huona kijiti kimeachwa, huruka ndani ya chombo, na kwa saa nzima hupiga kafi dhidi ya mto unaorudi nyuma. Atafika, ila atafika amechoka, na uchovu wa mtu aliye peke yake majini ni jambo zito. Hakuna mwenzake wa kumpokea kafi.

Juu ya sitaha ya kayaki yake palikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imebanwa kwa kamba za mpira. Safu kumi na moja, asubuhi kumi na moja. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, maana sijapata kuona ratiba ya safari iliyonifurahisha kama ile.

Maji kujaa ni wimbi moja refu sana linaloingia kwa mlango wa New York na kupanda mto. Linafika Albany, karibu na Troy, zaidi ya saa 8 baada ya kupita Manhattan. Anayeteremka anakutana nalo uso kwa uso. Yeye anasonga mbele, nalo linamsogelea, kwa hiyo zile saa 6 na ushei za mkondo wa kupwa anazohesabu mtu wa ukingoni hazitimii kwake. Hukatwa kama saa moja au zaidi. Anayepanda mto hukimbia pamoja na wimbi na saa zake huongezeka. Ukiishia hapo utasema huyu mama amechagua upande wenye hasara.

Lakini kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Kwa mtu aliyekaa mahali pamoja, kupwa ya leo alfajiri itakuwa imesukumwa hadi karibu na adhuhuri wiki ikiisha. Anayeteremka hakai mahali pamoja. Kila anaposogea kusini anakaribia wimbi linakotoka, na huko maji hujaa mapema zaidi. Wimbi husafiri kati ya kilomita 25 na 30 kwa saa. Basi akisogea kilomita 22 hivi kwa siku, zile dakika 50 alizonyang'anywa na mwezi anarudishiwa na mto. Asubuhi kumi na moja mfululizo mkondo humchukua karibu saa ileile, siku yoyote hapati zaidi ya saa nne za kazi, na saa zinazobaki anakaa. Kilomita 22 zinaonekana chache kwa mtu mwenye mikono ile. Zilichaguliwa na mto, naye akakubali.

Alifunga safari Troy mwezi ukiwa mpevu, ndani ya bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Siku niliyomkuta ilikuwa ya nane, na nusu ya mwezi ilikuwa bado angani upande wa magharibi. Maji mafu. Hilo nalo alilitaka, kwa sababu ya kilichokuwa mbele yake: kona kali kati ya West Point na kisiwa cha Constitution, ambapo mto hubanwa na milima na kina hufika mita 60 hivi. Manahodha wa matanga wa zamani walipaita Mwisho wa Dunia. Mwaka 1778, katika vita vya uhuru, Wamarekani walinyoosha hapo mnyororo wa chuma kuvuka mto mzima ili kuzizuia meli za Waingereza, kwa kuwa kwenye kona ile hata meli kubwa hulazimika kupunguza mwendo. Kupita hapo wakati wa maji mafu ni kupita mkondo ukiwa umelegea.

Boya liliposimama, aliinuka bila haraka. Akaisukuma kayaki, akaingia, akavuta sketi ya kuziba kiti ili maji yasimwagikie ndani. Kisha akaanza kupiga kafi, na hapo ndipo nilipoona kwamba kungoja ilikuwa nusu tu ya ufundi wake.

Mikono yake haikufanya kazi kubwa. Viwiko havikukunjwa sana. Bega lilitangulia, kiwiliwili kikajizungusha, bapa la kafi likazama karibu na vidole vya mguu bila kurusha tone, likatoka lilipofika nyonga. Mguu wa upande uleule ulikuwa ukisukuma ndani ya chombo, usiouona, ila unaujua kwa jinsi nyonga inavyocheza. Pua ya kayaki haikuyumba kushoto wala kulia. Wainuiti waliounda vyombo hivi kwa ngozi ya sili walivifanya vyembamba namna ile ili mwili wa mtu uwe sehemu ya chombo, na kumtazama yule mama nilielewa kwa nini kayaki huvaliwa zaidi ya kupandwa. Mpigaji mzuri wa mtumbwi wa kwetu naye hutumia mgongo, nami nimewaona wengi, lakini kafi lenye bapa mbili halina pumziko. Upande mmoja ukitoka, wa pili unaingia. Mapigo elfu kadhaa kwa asubuhi moja, na kila pigo lililopotoka kidogo hulipwa na kifundo cha mkono.

Nyuma ya kiti alikuwa na mfuko wa kupulizwa. Akipinduka na kushindwa kujiinua kwa kafi, huufunga kwenye bapa moja na kulitandaza kafi ubavuni. Hapo kayaki inakuwa na tengo kama ngalawa, naye anapanda tena. Hilo nalo hufanyiwa mazoezi kabla ya safari, kwenye maji matulivu, mara nyingi.

Aliniambia kuwa kilichomsumbua zaidi huko alikotoka ni kutua. Kupwa ikiisha, ghuba ndogo za Hudson hubaki tope, na katika majira ya joto nyingine hufunikwa kabisa na mmea wa kigeni wa majini, wenye kokwa za miiba minne mikali. Wavuvi wa Ziwa Victoria, wanaopambana na magugu maji, wangelijua tatizo hilo bila kuelezwa. Kwa hiyo hata mahali pa kulala alipachagua kwa saa ya maji, akatua ufukwe ukiwa bado una kina, akaiburuta kayaki juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji, na kuifunga kwa kamba.

Mbele yake baada ya kona kulikuwa na ghuba ya Haverstraw, mto unapotanuka zaidi ya kilomita tano na kina kikawa kifupi. Mchana wa joto upepo wa kusini huingia kutoka baharini na kupanda bonde. Ukikutana na maji yanayopwa, mawimbi husimama mafupi na yenye makali. Ratiba yake ya asubuhi ilikuwa imelijibu hilo pia. Kisha ni bandari yenyewe, na feri, na matishari yasiyoweza kusimama ghafla. Huko redio ya mkononi hufunguliwa chaneli 13, wanayosemezana manahodha, na msafiri hubaki nje ya njia ya meli.

Kwetu Pangani nahodha hungoja maji yajae ndipo avuke mlango wa mto, na baharia anayejua kungoja huheshimiwa kuliko mwenye misuli. Yule mama alingoja namna hiyo kila siku ya safari yake, peke yake, bila mtu wa kumsifu.

Aliiacha Cold Spring yapata saa 2 asubuhi. Kijiti chake nilikiacha pale pale. Saa 1 na nusu jioni, jua likiwa bado juu ya mlima Storm King, maji yalikuwa yamekifikia tena.