Pikapu Kuukuu kwa Njia za Garissa: Anza na Transfa

Anayetafuta pikapu kuukuu ya fowili mjini Garissa hufungua boneti kwanza. Husikiliza injini, hutazama rangi ya moshi, hupapasa milango akitafuta kutu iliyofichwa na rangi mpya. Si vibaya. Ila kwa kazi ya huku kuna kitu kinachotangulia hivyo vyote, na wanunuzi wengi huondoka na gari bila kukichungulia: transfa, kile kisanduku cha gia kilichofungwa nyuma ya giaboksi, kinachopokea nguvu za injini na kuzigawa kwa propela ya mbele na ya nyuma. Dizeli iliyochoka itakufikisha Modogashe, hata kama ni polepole. Transfa iliyokufa itakulaza ndani ya laga, ule mto wa msimu, na mbuzi wa watu wako juu ya gari.

Huku gari moja hupita njia za kila aina kwa siku moja. Lami ya Nairobi inapita Mwingi hadi daraja la Tana. Ukiiacha lami upande wa Dadaab, kilomita kama 100 kutoka Garissa, unakutana na mchanga mwekundu unaomeza gurudumu. Ukishika njia ya Ijara na Hulugho, kuna udongo mweusi: kiangazi unapasuka nyufa, na mvua ikinyesha unaganda kwenye tairi hadi mikato yake yote inazibwa. Wajir kuna mawe ya chokaa. Na hata lami yenyewe haina dhamana, kwa maana mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Kwa hiyo transfa inayofaa eneo hili lazima ivute mchangani, na papo hapo istahimili mamia ya kilomita za barabara ngumu bila kujila yenyewe.

Mambo haya mawili hayapatani kirahisi. Transfa ya kawaida ya pikapu za zamani ina H2, H4 na L4, yaani fowili ya gia za chini. Kwenye H2 nguvu zinakwenda nyuma peke yake. Ukitia H4, propela mbili zinafungwa pamoja na kuzunguka sawasawa, na mchangani hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu gurudumu la nyuma likizama la mbele bado linavuta. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani tofauti hiyo huishia kwenye tairi kuteleza kidogo. Juu ya lami tairi haitelezi, na mkazo unajikusanya ndani ya propela, krosi na transfa: usukani unakuwa mzito, leva inakataa kurudi H2, na dereva akizidi kulazimisha kitu kinavunjika.

Mkazo huohuo hutokea hata gari likienda moja kwa moja, endapo tairi za mbele na za nyuma hazilingani. Ukifunga mbele 7.50R16 mpya na nyuma zilizolika hadi nyuzi, basi kila mzunguko wa H4 ni kuikaba transfa. Nimeona magari mengi ya mizigo yenye tairi nne za aina nne, na mwenyewe akishangaa kwa nini transfa inalia. Kabla ya kulala chini ya gari unalotaka kulinunua, zitazame tairi zake. Zinasimulia jinsi transfa ilivyoishi.

Njia mbili kuu zimetumika kutatua tatizo hili, na katika eneo hili zote mbili zina wafuasi wake.

Ya kwanza ni ya Land Rover. Kabla ya Toyota kuenea, Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la serikali Kaskazini Mashariki, tangu enzi za wilaya ya mpakani ya wakoloni, na baadaye Kenya iliziunganisha yenyewe mjini Thika. Zile za Series zilikuwa na fowili ya kuchagua: kirungu cha manjano unakibonyeza kuingia fowili ya kasi, leva nyekundu unaivuta kuingia gia za chini. Land Rover 110 ya 1983, iliyokuja kuitwa Defender mwaka 1990, ilibadilisha mambo. Transfa yake, LT230, huendesha magurudumu manne wakati wote, na katikati yake kuna difu inayoruhusu propela ya mbele kuzunguka tofauti na ya nyuma. Kona ya lami haimsumbui dereva hata kidogo. Ukifika mchangani unaifunga ile difu ya kati kwa leva, na propela mbili zinakuwa kitu kimoja.

Kihandisi napenda kazi hiyo, na sioni haya kusema kwamba LT230 ikiwa nzima ndiyo transfa tulivu kuliko zote ninazozijadili hapa. Udhaifu wake ni wa uzee. Difu ya kati isipofungwa, gurudumu moja tu likikosa mshiko linakula nguvu zote na gari linasimama. Mikono inayofunga difu hiyo hukauka isipotumiwa. Leva inakwenda lakini ndani hakuna kilichosogea. Shafti yake ya kati huchakaza tundu inamokaa, na oili inavuja kidogo kidogo. Halafu kuna pale inapoungana na giaboksi ya R380: meno ya ndani ya gia ya kupokelea nguvu hayakuwa yakipata oili ya kutosha, yakalika, hata kiwanda kikaja kuitoboa gia hiyo ili oili ipite. Unalisikia tatizo hilo kama kishindo kila unapoachia na kukanyaga mafuta tena. Gari limejaa utamu, lakini linataka fundi anayelijua kwa jina. Garissa mafundi hao wamepungua, na spea nyingi zinafuatwa Kirinyaga Road jijini Nairobi, kilomita kama 370.

Njia ya pili ni ya Toyota. Land Cruiser 75, kisha 79 iliyoingia mwaka 1999, haina difu ya kati. Ina transfa ya gia tupu, bila cheni na bila waya, na kwenye habu za mbele kuna vifungio vya kuzungusha kwa mkono: LOCK na FREE. Ukiwa barabara ngumu unaweka FREE, na ekseli yote ya mbele pamoja na propela yake inalala. Ukikaribia mchanga unashuka, unazungusha vifungio vya pande zote mbili, unarudi ndani na kuvuta leva. Madereva wa huku masika huviacha LOCK wiki nzima na kubaki H2, na hilo halidhuru chochote ila mafuta kidogo. Kinachodhuru ni kinyume chake: kuviacha FREE miezi na miezi hadi sehemu za mbele zinakosa oili. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinahimiza fowili itumike angalau kilomita 16 kila mwezi.

Land Cruiser nayo ina ugonjwa wake, na mnunuzi akiujua ameokoa pesa nyingi. Kati ya giaboksi na transfa kuna sili. Ikichoka, oili ya transfa husukumwa kwenye giaboksi bila tone hata moja kuanguka chini. Ukitazama kwa juu gari ni safi, kavu, limetunzwa. Mwombe muuzaji ruhusa, uingie chini na spana gari likiwa limesimama pahali tambarare, ufungue plagi ya kujazia oili ya giaboksi, halafu ya transfa. Oili ikibubujika kwenye giaboksi, na kwenye transfa ukitia kidole kikatoka kikavu, sili imekufa na gia za transfa zimekuwa zikisagana bila mafuta kwa muda usiojulikana. Ipake oili kidoleni uitazame juani. Chembe zinazong'aa maana yake beringi au gia zinalika, na rangi ya maziwa maana yake maji yaliingia, pengine kwenye laga moja iliyovukwa kwa pupa. Kazi hii haizidi dakika kumi na tano. Muuzaji anayeikataa amekwisha kukujibu.

Kuna pia Hilux kuukuu, ambayo wengi huidharau bure. Zile za dizeli ya 2.8 au 3.0 isiyo na turbo zina transfa ya gia, na ni miongoni mwa transfa rahisi kufungua ambazo fundi wa jua kali anaweza kuzipata. Nyingi za Afrika ziliendelea kuja na ekseli nzima ya mbele na springi za majani muda mrefu baada ya masoko mengine kuziacha. Lakini Toyota ilitengeneza pia transfa ya cheni kwa baadhi ya Hilux, hasa zenye injini za nguvu zaidi. Cheni hurefuka. Ikirefuka huruka meno ukiwa L4 na mzigo, kwa mlio wa kugonga usiosahaulika. Kwa gari la mjini si neno. Kwa gari la kubeba maji kwenda visima vya mbali, chagua ya gia.

Hapa nataka kupinga kidogo mazungumzo ya vijiweni. Watu hubishana sana kuhusu namba za gia za chini. Hilux ya gia huzidisha mvuto mara 2.28, Land Cruiser 79 mara 2.49 hivi, na mwenye Defender atakutajia 3.32 kwa kujivuna. Lakini LT230 ya Defender hata kwenye gia za juu tayari inazidisha kwa 1.41. Ukigawanya, kushuka kutoka juu hadi chini ni mara 2.35 tu. Zote tatu ziko jirani. Zaidi ya hapo kuna gia ya kwanza na difu, ambazo nazo zinaingia kwenye hesabu. Basi namba za transfa haziwezi kuamua ununue lipi. Kinachoamua ni hali ya kifaa chenyewe, na kama kuna mtu wa kukitengeneza mahali kitakapoharibikia.

Pikapu za baadaye zilitaka kumpumzisha dereva. Zilikuja habu zinazojifunga zenyewe, zikaja mipira ya hewa inayounganisha ekseli ya mbele, kisha vibonye vya umeme. Ofisini Nairobi ni raha. Katika joto la Garissa mipira ile hupasuka, vumbi huingia kwenye mota na soketi, na taa ya fowili inawaka wakati mbele hakuna kinachovuta. Ukinunua gari la aina hiyo, usiiamini taa. Lipeleke mchangani, tia fowili, mwambie mtu asimame kando atazame kama gurudumu la mbele linachimba mchanga na kuvuta, si kuviringishwa tu.

Ukubwa wa soko hili la magari makuukuu una sababu zake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Land Cruiser ya mwaka 1995 unayoiona leo haikushuka melini juzi. Ilikuwa hapa hapa: ya serikali yenye namba za GK, ya shirika la misaada, ya kampuni ya ujenzi. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 zilileta magari ya fowili kwa wingi, na yakichakaa huuzwa. Gari lililoingia bila ushuru lazima ushuru wake ulipwe kabla halijawa lako kisheria, kwa hiyo hakikisha karatasi za KRA kabla ya kutoa shilingi. Injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na kompyuta yoyote, ndiyo inayofanya wengi wakimbilie mnada. Sifa ya Toyota jangwani haikuanza kwetu: mwaka 1987 jeshi la Chad liliwashinda Walibya jangwani kwa kutumia Toyota, na vita hivyo vikapewa jina la gari hilo.

Kwenye mnada hupewi kuendesha gari. Ukinunua kwa mtu binafsi, dai mambo matatu. Liendeshwe H2 kwenye barabara iliyonyooka, kioo kikiwa chini, usikilize mvumo unaobadilika ukiachia mafuta. Lisimame, liingizwe L4, lipande ukingo wa mchanga kwa gia ya kwanza, kisha dereva aachie mafuta ghafla. Leva ikiruka yenyewe, gia za ndani zimelika. Mwisho, tazama ngumi za ekseli ya mbele, pale gurudumu linapogeukia. Grisi iliyochanganyika na oili na mchanga ni dalili kwamba sili za huko zimekwisha.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa biashara ya Garissa hadi Wajir na Mandera, yenye mizigo na maporomoko, nunua Land Cruiser 75 au 79 hata ikiwa bodi imechoka, mradi plagi zile mbili zimesema ukweli. Kwa kazi za Garissa, Madogo na vijiji vya karibu, Hilux ya transfa ya gia inatosha na inabakiza pesa. Defender ichukue pamoja na fundi wake, la sivyo iache.

Na kwa maafisa wa kaunti na mashirika wanaopanga minada: wekeni daftari la matengenezo ndani ya kila gari mnalouza. Ukurasa mmoja unaoonyesha oili ya transfa ilibadilishwa lini utamfaa mnunuzi kuliko rangi mpya mnayopiga milangoni.