Boma, Bati, na Mwalimu Aliyekuja Mwisho

Mwaka 2006 Tanzania ilikuwa na shule za sekondari 2,289, za serikali na za binafsi. Mwaka uliofuata zilikuwa 3,485. Ongezeko hilo la shule 1,196 ni zaidi ya shule tatu kwa siku, na sehemu kubwa yake ilikuwa shule za kata, yaani sekondari zilizojengwa na wananchi katika kata zao.

Msukumo ulitoka chini. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002, madarasa yakafurika. Watoto wale walikuwa wanapanda kuelekea la saba, na tayari kila mwaka maelfu walifaulu wakakosa nafasi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004 ulilenga kuifungua njia ya kuingia sekondari, na Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, upungufu wa madarasa ukawa hoja ambayo mkuu wa mkoa na wa wilaya walitakiwa kuijibu.

Uamuzi uliowezesha kasi ile ulikuwa mmoja: shule ziwe za kutwa. Sekondari kongwe za serikali zilikuwa na mabweni, jiko, bwalo na wanafunzi kutoka mikoa ya mbali. Ukiondoa bweni, shule inaweza kuanza na madarasa mawili na ofisi. Kidato cha kwanza kinaingia Januari. Kidato cha pili kina mwaka mzima wa kujengewa chumba chake.

Kazi nayo iligawanywa. Wananchi walisomba mawe, mchanga na maji, wakachangishwa fedha, wakafyatua tofali na kuinua boma hadi kwenye lenta. Serikali ilitakiwa kupaua: mbao, bati, misumari. Mtendaji wa kata alishika daftari la michango, na asiyetoa alifuatwa nyumbani. Naupenda mpango huu kwa sababu mkulima aliyebeba jiwe aliijua shule kuwa ni yake. Lakini ulikuwa mzito kwa kata maskini, na boma lililokosa bati liliota nyasi ndani.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye mpangilio. Darasa hujengwa kwa miezi. Mwalimu wa hesabu hupatikana kwa miaka. Pengo likazibwa kwa wahitimu wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na mitaani wakaitwa “voda fasta”, jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Siwalaumu vijana wale. Walisimama mbele ya watoto waliotoka kusoma kwa Kiswahili miaka saba, wakatakiwa kuwafundisha baiolojia kwa Kiingereza bila hadubini wala vitabu vya kutosha.

Kutwa nayo ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye makadirio. Kata ni pana. Mtoto wa kijiji cha mwisho alitembea kilomita nyingi alfajiri, au alipanga chumba karibu na shule, geto, akajipikia na kujilinda mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne. Wasichana ndio walioumia zaidi. Baadhi ya kata zikarudi kujenga hosteli, yaani bweni lile lile lililoachwa.

Walioingia kidato cha kwanza Januari 2007 walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2010, na ufaulu wa taifa ukashuka kutoka takriban asilimia 72 mwaka uliotangulia hadi 50. Maabara tatu kwa kila sekondari ya kata ziliagizwa na Rais Kikwete baadaye, mwaka 2012. Wananchi wakaitwa tena: mawe, mchanga, mchango.