Ikirari Isiyo na Shahidi: Uhakiki wa Tamko la Mgongano wa Maslahi katika Majarida ya Tiba

1.0 Utangulizi

Tasnifu inayowasilishwa katika vyuo vikuu vyetu hufunguliwa kwa kurasa mbili ambazo wasomaji wengi huziruka. Ya kwanza ni uthibitisho, ambapo msimamizi hutia saini kuwa ameisoma kazi na anaipendekeza kwa watahini. Ya pili ni ikirari, ambapo mtahiniwa hukiri kuwa kazi ni yake mwenyewe na haijapata kuwasilishwa katika chuo kingine. Mantiki ya kurasa hizi ni moja: anayekiri haachiwi kujishuhudia peke yake.

Makala haya yanaitumia mantiki hiyo kuhakiki matini fupi inayoonekana mwishoni mwa makala za utafiti wa tiba, yaani tamko la mgongano wa maslahi. Hoja kuu ni kwamba tamko hilo ni ikirari isiyo na uthibitisho. Majarida yamelichukulia kuwa njia ya kusimamia mgongano wa maslahi, ilhali kazi linaloweza kuifanya ni kuutaja tu.

Kwa madhumuni ya makala haya, mgongano wa maslahi ni hali ambayo uamuzi wa mtafiti kuhusu jambo la msingi, kama vile usalama wa mgonjwa au ukweli wa matokeo, unaweza kuathiriwa na maslahi mengine, yakiwamo ya fedha, cheo au uhusiano. Ieleweke kwamba hiyo ni hali, si kosa. Mtafiti mwaminifu anaweza kuwa nayo. Kosa huanza pale hali hiyo inapofichwa, au inapojulikana na wenye mamlaka wasichukue hatua yoyote.

2.0 Tamko kama Matini

Umbo la kawaida la tamko hili ni sentensi moja inayosema kuwa waandishi hawana mgongano wowote wa maslahi. Sentensi hiyo ina sifa tatu zinazostahili kuzingatiwa. Kwanza, msemaji wake ni kundi, hivyo ni vigumu kujua nani hasa anawajibika kwa yaliyosemwa. Pili, inakanusha hukumu badala ya kutaja tukio. Kusema "nililipwa na kampuni fulani" ni kutoa taarifa inayoweza kuchunguzwa. Kusema "sina mgongano" ni kutoa hukumu juu ya nafsi yako. Tatu, baada ya sentensi hiyo hakuna anayetia saini kuthibitisha. Kwa lugha ya wahenga, kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani.

Jitihada za kuboresha umbo hili zimekuwapo. Jarida la New England Journal of Medicine lilianza kudai matamko ya fedha mwaka 1984, na mwaka 2009 Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ilianzisha fomu ya pamoja yenye maswali mahususi. Fomu hiyo iliirekebisha kwa kiasi sifa ya pili, kwa kuwa inauliza malipo na uhusiano. Sifa ya tatu, ukosefu wa shahidi, imebaki.

3.0 Habari Iliyokuwa Wazi Isipate Mchukua Hatua

Tarehe 28 Februari 1998, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake 12 kuhusu watoto 12 waliokuwa na matatizo ya utumbo na ya makuzi. Makala hayo yaliibua dhana ya kuwapo uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Hayakueleza kwamba Wakefield alikuwa akishirikiana na mawakili waliokuwa wakiandaa madai dhidi ya watengenezaji wa chanjo, kwa fedha za Bodi ya Msaada wa Kisheria.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama mfano wa kuficha. Hata hivyo, usomaji wa karibu unaonesha jambo la ziada. Mwezi Mei 1998, katika safu ya barua za jarida hilohilo, msomaji mmoja aliibua suala la uhusiano huo na mawakili. Katika jibu lake lililochapishwa, Wakefield alikubali kwamba angesaidia kutathmini baadhi ya watoto kwa niaba ya Bodi hiyo, kisha akakana kuwa kulikuwa na mgongano wa maslahi. Hivyo, takribani miezi miwili tu baada ya makala kutoka, sehemu muhimu ya habari ilikuwa ukurasani. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea kama jambo la kuchunguzwa. Hukumu ya mhusika juu yake mwenyewe ilitosha kuifunga hoja.

Ilichukua takribani miaka sita hadi Februari 2004, uchunguzi wa mwandishi wa habari Brian Deer ulipoifungua tena. Mhariri wa jarida, Richard Horton, alieleza wakati huo kwamba laiti angejua, sehemu inayohusu chanjo isingechapishwa. Mwezi uliofuata waandishi wenza 10 walijitenga na ufasiri huo, na Februari 2010 makala yote yalibatilishwa. Katika kipindi hicho kiwango cha chanjo hiyo kwa watoto wa miaka miwili nchini England kilishuka kutoka zaidi ya asilimia 90 hadi takribani asilimia 80. Ni kweli kwamba vyombo vya habari vilichangia sana anguko hilo, na kwamba kasoro za makala hayo hazikuwa za maslahi pekee. Lakini miaka sita ya ukimya wa jarida haiwezi kuelezwa kwa ukosefu wa tamko peke yake.

4.0 Tamko Lisilolinganishwa na Rekodi

Mfano wa pili unatoka Marekani, ambako sheria ya mwaka 2010 ilizilazimisha kampuni za dawa na vifaa tiba kutoa taarifa za malipo yao kwa madaktari. Taarifa hizo zilianza kuwekwa hadharani mwaka 2014. Mwaka 2018, gazeti la The New York Times na shirika la habari la ProPublica yaliripoti kwamba José Baselga, mganga mkuu wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, hakuwa ametaja uhusiano wake na kampuni katika makala nyingi, zikiwamo zilizotoka katika majarida makubwa. Alijiuzulu siku chache baadaye.

Malipo mengi yalikuwa katika rejista ya wazi ambayo mhariri yeyote angeweza kuifungua. Zaidi ya hayo, Baselga mwenyewe alikuwa mmoja wa wahariri wakuu wa jarida la utafiti wa saratani. Kwa hiyo haikuwa suala la kutojua kanuni. Kanuni ilikuwapo, rekodi ilikuwapo, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuvilinganisha.

5.0 Maslahi ya Jarida Lenyewe

Swali linalofuata ni kwa nini majarida yasijipe kazi hiyo. Sehemu ya jibu ni kwamba nayo yana maslahi. Novemba 2000, New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la dawa ya Vioxx ya kampuni ya Merck. Jarida liliuza zaidi ya nakala 900,000 za makala hayo, nyingi zikinunuliwa na Merck yenyewe. Dawa iliondolewa sokoni Septemba 2004 kwa sababu ya hatari kwa moyo, na Desemba 2005 jarida lilitoa taarifa ya wasiwasi kwamba baadhi ya matukio ya mshtuko wa moyo hayakujumuishwa katika makala. Hatudai kwamba mauzo yaliamua uhariri. Tunachosema ni kwamba mwandishi alitakiwa kutaja malipo yake, na jarida halikutakiwa kutaja yake.

Aidha, kanuni kali hazikudumu. Mwaka 1990 jarida hilo liliwazuia wenye uhusiano wa kifedha na kampuni husika kuandika tahariri na mapitio. Mwaka 2002 zuio hilo lililegezwa, likabaki kwa uhusiano "mkubwa" tu, kwa maelezo kwamba waandishi wasio na uhusiano ni vigumu kupatikana. Vivyo hivyo, mwaka 2005 JAMA ilianza kudai kwamba takwimu za majaribio yanayofadhiliwa na kampuni zichambuliwe pia na mtakwimu huru wa chuo kikuu. Huo ulikuwa uthibitisho halisi wenye saini ya mtu wa pili. Nao uliachwa baadaye.

6.0 Mjadala

Inaweza kupingwa kwamba tamko ni bora kuliko ukimya. Hoja hiyo ni sahihi. Mwaka 2016 ilibainika kupitia nyaraka za zamani kwamba watafiti wa Harvard walilipwa na taasisi ya wazalishaji wa sukari kuandika mapitio ya mwaka 1967 yaliyopunguza uzito wa sukari katika maradhi ya moyo. Wasomaji wa wakati ule hawakuambiwa. Tamko lingewapa angalau sababu ya kuhoji.

Hata hivyo, kuhoji huko ni mzigo anaobebeshwa msomaji. Daktari wa wilayani anayesoma kwamba mwandishi amelipwa na kampuni nne hana data za jaribio wala muda wa kuchunguza. Hajui apunguze imani yake kwa kiasi gani. Mhariri aliye na mamlaka ya kuomba data, kumtafuta mchambuzi mwingine au kukataa tahariri amemkabidhi kazi yake asiye na nyenzo.

Kusimamia mgongano, kwa hiyo, kunadai mambo matatu: mwandishi ataje matukio, asijihukumu, ofisi ya uhariri ilinganishe maelezo yake na rejista za wazi au uthibitisho wa mwajiri, na hatua itakayofuata ijulikane na ichapishwe pamoja na makala. Rejista ya Marekani haikuundwa kwa ajili ya watafiti wa kwetu, hivyo kwa majarida ya Afrika Mashariki njia ya mwajiri ndiyo iliyo karibu zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba udhaifu wa tamko la mgongano wa maslahi hauko katika maneno yake tu, bali katika nafasi tupu iliyo chini yake, ambapo saini ya pili ilipaswa kuwapo. Mtahiniwa wa shahada ya umahiri haruhusiwi kuwasilisha kazi yake bila saini hiyo, ingawa kosa lake halitamdhuru mgonjwa yeyote. Ni vigumu kueleza kwa nini utafiti unaoamua dawa ya mgonjwa udaiwe pungufu.