JAJI KATIKA KITI CHA DOLA: FUNZO LA UGANDA, 1980

Katika mijadala ya makada na wanafunzi, hasa hapa Dodoma ambako Bunge, Ikulu ya Chamwino na Makao Makuu ya Chama ni majirani, husikika hoja moja tamu masikioni. Husemwa kwamba wanasiasa wana makundi na tamaa. Kwa hiyo nchi ikiingia katika machafuko akabidhiwe jaji, mtu aliyezoea kusikiliza pande zote mbili. Hoja hii ina nia njema. Lakini nia njema peke yake si nadharia sahihi, na historia ya jirani zetu inaikanusha.

Tuitazame Uganda. Majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Yusuf Lule akaongoza kwa siku 68, kisha Godfrey Binaisa, mwanasheria aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mei 1980 Binaisa alijaribu kumwondoa Brigedia David Oyite Ojok katika uongozi wa jeshi, akaondolewa yeye. Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, Yoweri Museveni akiwa Makamu, ilishika nchi. Tarehe 22 Mei ikaundwa Tume ya Rais ya watu watatu: Jaji Saulo Musoke, pamoja na Polycarp Nyamuchoncho na Wacha-Olwol. Kwa maandishi, urais wa Uganda ulikuwa mikononi mwao hadi tarehe 15 Desemba 1980.

Lazima tuulize: mikononi mwao kulikuwa na nini hasa? Dola si kiti. Dola ni jeshi, polisi, hazina na watendaji, na juu ya yote ni uhusiano wa vyombo hivyo na umma. Jaji Musoke hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Hakuwa na chama nyuma yake, wala hakuchaguliwa na wananchi. Aliitwa ili mamlaka ya bunduki yavae joho la sheria. Uchaguzi ulipofanyika tarehe 10 na 11 Desemba, Muwanga alijitwalia kwa amri uwezo wa kutangaza matokeo. Tume ya Rais haikuwa na nguvu ya kumzuia. Milton Obote aliapishwa, matokeo yakapingwa, na Februari 1981 Museveni akaanza vita vya msituni vilivyodumu hadi Januari 1986.

Huenda mtu akajibu kwamba kasoro ilikuwa ya watu wale, si ya hoja yenyewe. Basi tutazame Ghana. Hakuna anayeweza kumwita Edward Akufo-Addo mwoga. Mwaka 1948 wakoloni walimkamata pamoja na Nkrumah na wenzao wanne. Desemba 1963 alikuwa mmoja wa majaji watatu waliowaachia huru washtakiwa wa kesi kubwa ya uhaini. Hukumu hiyo iliitikisa serikali hata Katiba ikabadilishwa mwaka 1964 ili Rais aweze kuwafukuza majaji, naye akafukuzwa. Baadaye akawa Jaji Mkuu, na Agosti 1970 akawa Rais. Lakini utendaji ulikuwa kwa Waziri Mkuu Busia, na tarehe 13 Januari 1972 wanajeshi wa Acheampong waliwaondoa wote wawili.

Hapa ndipo ukinzani wenyewe ulipo. Akufo-Addo alipokuwa jaji, kalamu yake iliilazimisha dola kubadilisha Katiba ili imwondoe. Alipokuwa Rais, hakumtikisa mtu. Nguvu ya jaji imo katika kiti chake cha mahakama. Ukimtoa hapo na kumpeleka Ikulu bila umma uliojipanga nyuma yake, umeipokonya mahakama mtetezi, na Ikulu hukuiongezea kitu.

Nasi tusijitoe katika somo hili. Mwaka 1980 majeshi yetu yalikuwa bado Uganda. Tulisaidia kumwondoa dikteta, na hilo ni jambo la heshima. Lakini kumwondoa dikteta si sawa na kujenga utawala wa umma. Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi lazima kipime kila mpango wa uongozi, wa jirani au wa kwake, kwa maswali mawili: nani anashika vyombo, na nani anaweza kumwajibisha?

Mkulima wa uwele wa Mpwapwa aliyenyang'anywa shamba hahitaji jaji awe Rais. Anahitaji jaji aliye mahakamani, anayeweza kutoa hukumu dhidi ya mkubwa wa wilaya na kesho yake bado akawa jaji. Kada asiyelitetea hilo katika wilaya yake mwenyewe hana haki ya kuwacheka Waganda wa 1980.