CHAPA, NUKTA NA FONTI: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KUPANGA HERUFI KWA KOMPYUTA

Kazi ya kutunga istilahi huwa ngumu zaidi pale chombo kipya kinapokusanya mahali pamoja kazi ambazo zamani zilifanywa na watu mbalimbali. Jambo la namna hiyo lilitokea katika ufundi wa chapa kati ya mwaka 1977 na mwaka 1990, na lugha yetu bado inalilipia deni. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno machache yanayotumika katika fani hiyo, hasa chapa, nukta, fonti na kile kinachoitwa uchapishaji wa mezani, kwa kuyalinganisha na kazi yenyewe inavyofanyika. Hatukusudii kumlaumu mtafsiri yeyote, kwani wengi walifanya kazi yao bila kuiona mashine waliyokuwa wakiieleza.

Kwanza yafaa tukumbushane historia kwa ufupi. Kabla ya kompyuta, muswada ulipita mikononi mwa watu wasiopungua wanne. Mwandishi aliandika, mpiga taipu akanakili, mpanga herufi akapanga herufi za risasi, moja moja au mstari mzima kwa mashine, na mpigachapa akatia wino na karatasi. Kati yao alikuwapo msoma prufu. Mnamo mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliletewa prufu za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, The Art of Computer Programming. Herufi zake hazikupangwa tena kwa risasi bali kwa mashine ya picha, na sura yake haikumridhisha hata kidogo. Badala ya kulalamika tu, alianza kutunga programu ya kupanga herufi aliyoiita TeX, pamoja na programu ya pili, METAFONT, ya kuchora herufi zenyewe. Baadaye Leslie Lamport alitunga LaTeX juu ya msingi huo, na kitabu chake cha mwongozo kilitoka mwaka 1986.

Wakati huohuo mashine nazo zilikuwa zikipungua ukubwa na bei. Kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke, ilitunga lugha ya kuielezea printa ukurasa, yaani PostScript. Mwaka 1984 Hewlett-Packard walitoa printa ya leza iitwayo LaserJet. Mwaka 1985 Apple wakatoa LaserWriter, na mwaka huohuo kampuni ya Aldus ikatoa programu ya PageMaker. Tangu hapo mtu mmoja, akiwa na kompyuta moja na printa moja, aliweza kufanya kazi ya wale wanne. Kiingereza kilihamisha maneno ya karakana ya risasi na kuyaingiza ofisini. Sisi tulilazimika kuchagua, na mara nyingi tulichagua kwa haraka.

Tuanze na neno chapa. Neno hili ni mali yetu ya siku nyingi, nalo limebeba mzigo mkubwa. Ng'ombe hutiwa chapa. Bidhaa ina chapa yake. Kitabu kina chapa ya kwanza na ya pili. Karani hupiga chapa barua. Na kiwanda hupiga chapa gazeti. Maadamu kazi hizo zilikuwa katika vyumba mbalimbali, msikilizaji hakupotea. Leo zote ziko juu ya meza moja. Tuchukue sentensi ambayo tumeitunga wenyewe kwa ajili ya mfano: "Piga chapa ripoti hii kwa chapa kubwa, kisha upige chapa nakala tatu." Je, kitendo cha kwanza ni kuandika kwa kibodi au ni kutoa karatasi kwenye printa? Na chapa kubwa ni herufi au ni alama ya ofisi? Msomaji hana njia ya kujua.

Mkanganyiko huu si mchezo wa maneno tu. Ofisa utumishi anayetafsiri orodha ya vyeo akiandika "mpiga chapa", anaweza kumweka fundi wa kiwanda cha chapa katika ngazi ya karani wa taipu, au karani katika ngazi ya fundi, na mshahara ukafuata kosa hilo. Pendekezo letu ni kwamba kupiga chapa kubaki na maana moja, yaani kuweka wino juu ya karatasi. Kuandika kwa kibodi kuitwe kutaipu, kama watu wanavyosema. Na kazi ya katikati, ile ambayo TeX na PageMaker zilikuja kuifanya, iitwe kupanga herufi, kama walivyoiita mafundi wa risasi.

Wapo wanaodai kwamba neno kupiga halifai kwa printa ya leza, kwa kuwa hakuna kinachopiga. Ni kweli kwamba katika mashine hiyo mwali wa leza huchora ukurasa juu ya silinda yenye chaji ya umeme, wino wa unga hushika palipochorwa, kisha joto huugandisha wino huo kwenye karatasi. Lakini hoja hiyo haina nguvu katika Kiswahili. Sisi hupiga picha, hupiga simu, hupiga pasi na hupiga deki, wala hatumgongi mtu. Kitenzi hiki hutaja kutumia chombo, si kishindo chake. Kwa hiyo kupiga chapa kunaifaa leza kama kulivyoufaa mtambo wa risasi.

Neno la pili ni nukta, na hapa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu linahusu vipimo. Mafundi wa chapa hupima kimo cha herufi kwa kipimo kidogo ambacho 12 kati yake hufanya takriban sehemu moja ya sita ya inchi. Printa nayo hupimwa kwa idadi ya vitone inavyoweza kuweka katika inchi moja. LaserJet na LaserWriter za mwanzo ziliweka 300. Baadhi ya watafsiri wameviita vitu vyote viwili nukta. Matokeo yake ni kwamba mwongozo mmoja unaweza kusema "herufi za nukta 12" na "printa ya nukta 300", na mwanafunzi akadhani printa hiyo huandika herufi kubwa mara 25. Ukweli ni kwamba herufi ya kipimo cha 12 kwenye printa ile huchukua nafasi ya vitone 50 hivi kwa kimo. Tukitumia neno moja tutalazimika kusema kwamba nukta 12 ni nukta 50, na hakuna mwalimu awezaye kulitetea jambo hilo mbele ya darasa.

Tunapendekeza pointi kwa kipimo cha fundi, na nukta kwa kitone cha printa. Hata pointi yenyewe yataka uangalifu, kwani TeX huhesabu pointi 72.27 katika inchi moja, hali PostScript huhesabu 72 kamili. Tofauti ni ndogo, lakini katika ukurasa wenye mistari 50 ya pointi 12 hufikia karibu milimita moja. Mtafsiri wa mwongozo asiifute tofauti hiyo kwa kudhani ni kosa la mwandishi.

Nukta zikihesabiwa sawasawa hueleza pia jambo ambalo wengi waliona bila kulifahamu. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 ina nukta takriban milioni 8.7, kila nukta ikishika biti moja, ukurasa mmoja hudai zaidi ya baiti milioni moja za kumbukumbu. Kompyuta za aina ya IBM PC zilizotumia MS-DOS kwa kawaida ziliipa programu kilobaiti 640 tu, na LaserJet ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128. Ukurasa mzima wa picha haukuweza kuenea humo. LaserWriter iliwekewa kumbukumbu ya megabaiti moja na nusu, na ilipotoka iliuzwa kwa dola 6,995. Kwa hiyo anayeandika vipimo vya zabuni akisema "printa ya leza" bila kutaja nukta na kumbukumbu, amesema nusu ya neno.

Neno la tatu ni fonti. Hili ni la mkopo, na tunakubali libaki. Lawama yetu ni juu ya matumizi yake. Katika karakana ya risasi fonti ilikuwa seti ya herufi za sura moja na ukubwa mmoja. Za pointi 10 na za pointi 12 zilikuwa fonti mbili. Knuth aliufuata utaratibu huo, na katika familia yake ya Computer Modern herufi za ukubwa mbalimbali zilichorwa kila moja kwa vipimo vyake, ili zile ndogo zisisongamane. PostScript ilikwenda njia nyingine: mchoro mmoja hukuzwa au hupunguzwa kwa kadiri atakayo mtumiaji. Tangu hapo watu wengi huita fonti kile ambacho fundi angekiita sura ya herufi. Tunashauri tutenganishe: sura ya herufi iwe umbo la familia nzima, na fonti iwe seti iliyo tayari kutumika, pamoja na ukubwa na mtindo wake, iwe ya wima, ya mlazo au ya koza. Tunajua kwamba sura pia ni mgawanyo wa kitabu, lakini maneno "ya herufi" yanatosha kuondoa shaka.

Tukitoka kwenye maneno tunaingia kwenye lugha yenyewe ndani ya programu. Programu hizi zilizaliwa katika Kiingereza, na mazoea ya Kiingereza yalifichwa ndani yake. Kanuni za TeX za kukata neno mwisho wa mstari, zilizotokana na utafiti wa Frank Liang wa mwaka 1983, ni bora sana. Lakini TeX ya miaka ile ilibeba jedwali la lugha moja tu kwa wakati mmoja, na ilikataa kuacha herufi chini ya tatu zishuke mstari wa pili. Kwa Kiingereza hilo ni sawa. Kwa Kiswahili, ambacho silabi yake ya mwisho mara nyingi ni herufi mbili, ina maana kwamba "ki-tabu" huruhusiwa na "kita-bu" hukatazwa. Toleo la tatu la TeX, lililotoka mwaka 1990, ndilo lililoruhusu lugha kadhaa katika waraka mmoja na kumwachia mtumiaji kuvipanga viwango hivyo.

Hata baada ya hapo kazi ilibaki kwetu. Wengi husema kukata maneno ya Kiswahili ni rahisi, kwani silabi huishia kwa irabu. Kanuni hiyo inafaa kwa "wa-li-o-so-ma", lakini haitoshi kwa maktaba, daktari, labda na rasmi, ambayo hayapendezi kukatwa "ma-ktaba" wala "da-ktari". Tena ng' ni sauti moja iliyoandikwa kwa alama tatu. Programu inayoiona alama ya tatu kuwa kituo cha uandishi inaweza kukata mahali pasipokatwa. Na vitenzi vyetu ni virefu. Neno kama "yatakapowasilishwa" lisipokatwa ipasavyo katika safu nyembamba huacha mapengo meupe yanayoukera macho, na msomaji hudhani mwandishi ndiye mzembe.

Kasoro nyingine ilikuwa katika vichwa. LaTeX ya mwanzo iliandika yenyewe neno la Kiingereza juu ya kila sura, na ripoti ya Kiswahili ikatoka na kichwa cha kigeni. Kulibadilisha neno hilo hakukutosha, kwa maana mpango wa programu ni jina kisha tarakimu, hali sisi husema Sura ya Kwanza. Mwandishi alipaswa kuubadilisha mpango wenyewe. Hapa ndipo tunapoona kwamba kutafsiri istilahi bila kutafsiri mpango ni kupaka rangi ukuta uliopinda.

Tumalizie na "uchapishaji wa mezani". Msemo huu ni kivuli cha Kiingereza. Kwa mwenye lugha, mezani ni mahali pa chakula au pa kazi yoyote. Hata mpanga herufi wa zamani alikuwa na meza. Jambo jipya halikuwa meza bali kompyuta, basi na tuseme uchapishaji kwa kompyuta. Kuhusu neno kompyuta lenyewe, wapo waliopendekeza ngamizi, na shule za Kenya zimezoea tarakilishi. Hatuoni sababu ya kulikataa neno ambalo limekwisha kuingia vinywani mwa watu, wala ya kumwadhibu mwanafunzi aliyefundishwa lile lingine, mradi waraka mmoja utumie neno moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa muhtasari, tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wayafikirie haya: kutaipu kwa kuandika, kupanga herufi kwa kuupa ukurasa umbo, kupiga chapa kwa kutia wino, pointi kwa kimo cha herufi, nukta kwa kitone cha printa, sura ya herufi kwa familia, fonti kwa seti. Mwenye hoja bora na ailete, lakini kabla ya kuileta asimame karibu na mashine, aulize kila kitu kinafanya nini, na amsikilize mtu anayeitumia kila siku. Mara nyingi mtu huyo ana neno tayari.