Anayechekesha Hatakiwi Kucheka

Katika filamu ya Airplane II: The Sequel, iliyotoka Desemba 1982, kuna tukio fupi kwenye ukaguzi wa usalama kabla ya abiria kupanda chombo cha kwenda mwezini. Wanaume waliobeba silaha za kivita wanapita langoni bila kuulizwa chochote. Nyuma yao anakuja bibi mzee, na walinzi wanamvamia kana kwamba wamemnasa gaidi. Hakuna anayetabasamu. Walinzi wanachapa kazi, wenye silaha wanaendelea na safari, na kamera inawatazama wote kama inavyotazama jambo la kila siku.

Ufundi wa aina hii ya vichekesho umo humo. Hadithi yenyewe ni ya mkasa mtupu: chombo cha abiria, Mayflower One, kinaondoka duniani, kompyuta yake ROK inaasi na kukielekeza kwenye jua, na miongoni mwa abiria yumo mtu mwenye bomu. Ukiisoma hivyo kwenye karatasi hucheki. Unacheka kwa sababu waliomo ndani ya chombo hawajui kwamba wamo katika kichekesho.

Siri hiyo ilitumika tangu filamu ya kwanza, Airplane! ya mwaka 1980. Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, walinunua haki za filamu nzito ya mwaka 1957, Zero Hour!, wakashika mkondo wa hadithi yake na hata maneno yake mengi. Kisha wakawatafuta waigizaji waliozoeleka katika kazi za heshima, kama Peter Graves, Lloyd Bridges, Robert Stack na Leslie Nielsen, wakawataka waigize kama kawaida yao. Mkenya aliyelelewa na kipindi cha televisheni cha Vioja Mahakamani anaielewa hesabu hiyo. Ondiek Nyuka Kwota na Makokha walichekesha pale kizimbani kwa kuwa mahakama ilibaki mahakama. Hakimu angeangua kicheko pamoja nao, kesi ingeishia hapo.

Sasa ingia kwenye kibanda cha vidio, kile cha mabati na mabenchi ya mbao, Laini Saba kule Kibera au Gatina kule Kawangware, jijini Nairobi. Filamu ni ya Hong Kong, India au Hollywood, na walioitengeneza hawakuwa na utani. Kinachochekesha ni sauti iliyowekwa juu yake. DJ Afro ndiye aliyeifanya sauti hiyo ijulikane Kenya nzima, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Kampala wana VJ Jingo, na Dar es Salaam alivuma Lufufu.

Watu huiita kazi hii tafsiri, lakini hebu sikiliza vizuri. DJ hahangaiki kulinganisha maneno na midomo. Anaishusha sauti ya asili hadi inakuwa mnong'ono, anaiachia ipande pale risasi zinapolia au muziki unapokolea, kisha anarudi. Ni yeye msimulizi, ni yeye staringi, ni yeye jambazi, na mara nyingine ni mtazamaji mwenzako anayekuonya kwamba nyuma ya mlango kuna mtu. Jambazi anaweza kupewa lugha ya kanjo, yaani askari wa jiji, na mtaa wa ng'ambo ukageuka River Road. Kwa hiyo filamu inaleta uzito, DJ analeta utani. Wale wa Airplane! walibeba vyote viwili ndani ya picha moja.

Ndipo linapokuja swali ambalo naliona zito kuliko yote: ukimpa DJ filamu ambayo tayari ni kichekesho, afanye nini? Akiongeza utani juu ya utani, atauua. Mtazamaji atasikia mzaha wa sauti wakati jicho lake linatafuta mzaha wa picha, na vyote viwili vitampita. Hapa DJ hana budi kubadilisha kazi. Uzito ambao Peter Graves aliushika usoni, yeye aushike kooni.

Chukua lile tukio la ukaguzi. DJ asiseme kwamba walinzi ni wajinga. Aseme kwa sauti tulivu ya bawabu wa jengo la mjini, yule anayekupitishia kifaa mwilini: "Pita, mkubwa. Na wewe pia, pita, safari njema." Bibi akifika, sauti ipande: "Mama, simama hapo hapo! Mikono juu!" Kila Mnairobi amewahi kupekuliwa mkoba mlangoni. Hahitaji kuelezwa zaidi.

Pagumu ni kwa William Shatner, anayeigiza kamanda wa kituo cha mwezini. Mtazamaji wa Marekani alimjua tangu 1966 kama nahodha wa Star Trek, hivyo uzito wake ulikuwa umeshajengwa kabla hajafungua mdomo. Kijana wa Kawangware huenda hana kumbukumbu hiyo. DJ lazima amjenge mwenyewe, kwa sentensi chache za heshima: huyu ndiye mzee wa kazi, asiyetetemeka, anayeogopwa hata na mwezi. Kisha anyamaze. Maana uso wa Shatner unaonekana kama uko kwenye skrini kubwa, akitoa amri kutoka mbali, halafu "skrini" inafunguka na yeye anaingia. Ulikuwa mlango tu. Neno moja la mapema kutoka kwa DJ, na mlango ule hauchekeshi tena.

Yapo ya kuachwa. Mchezo wa majina ya marubani, uliojengwa juu ya milio ya Kiingereza, haubebeki, na ningempa DJ ruhusa ya kuuruka bila majuto. Tena filamu hii ya pili ina mengi iliyoyarudia kutoka ya kwanza. Abrahams na akina Zucker hawakushiriki. Aliyeandika na kuongoza ni Ken Finkleman, na mahali pengi unaona utani umewekwa kwa sababu ulifanikiwa mara ya kwanza. Kwa mtu aliyeiona ile ya 1980, marudio hayo yanachosha. Kwenye kibanda, DJ anaweza kuyafupisha kwa kuyasimulia mbio mbio, akaokoa pumzi kwa ajili ya dakika ambazo bomu la yule abiria linageuka kuwa silaha ya kuivunjia kompyuta.

Kazi hii naiona inamfaa DJ mmoja mwenye maikrofoni kuliko studio yenye waigizaji kumi wa sauti. Studio ingegawa vipande, na kila mmoja angetaka achekeshe kwenye kipande chake. DJ peke yake anajua, kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, ni nani aliyeachiwa nafasi ya kuchekesha na ni lini yeye mwenyewe afunge mdomo.