Mshika Mawili

Wahenga walisema mshika mawili, moja humponyoka. Kwa Brian McKechnie methali hiyo iligonga mwamba. Mtu huyu wa Southland, kusini kabisa mwa New Zealand, alicheza raga msimu wa baridi na kriketi msimu wa joto, akaiwakilisha nchi yake katika yote mawili: mechi 10 za kimataifa akiwa na All Blacks, timu ya taifa ya raga, na 14 za kriketi za siku moja.

Sichoki kutazama mkanda wa mechi ya kriketi ya Melbourne, tarehe 1 Februari 1981. Umebaki mpira mmoja. New Zealand wanahitaji mikimbio 6 ili watoke sare na Australia, na anayeingia kushika gongo ni McKechnie, mpigaji wa mkiani. Kuupaisha mpira uvuke mpaka wa uwanja mkubwa kama ule, tena kwa pigo la kwanza, ni bahati nasibu. Hata hiyo bahati nahodha Greg Chappell hakutaka kumwachia. Akamwagiza mdogo wake, Trevor, auviringishe mpira chini. Sheria ya siku ile iliruhusu, uungwana ulikataa.

Watu hukumbuka gongo lililotupwa kwa hasira. Mimi hutazama kilichotangulia. McKechnie kwanza aliinama, akauzuia mpira ule wa aibu jinsi mpigaji anavyopaswa kuilinda wiketi yake, ukatulia. Ndipo akatupa gongo. Hasira ilisubiri kazi iishe. Ufundi ndio huo.

Na asije mtu akamfanya malaika. Novemba 1978, kwenye raga mjini Cardiff, Wales walikuwa mbele 12–10 dakika zikiyoyoma. Mpira uliporushwa kutoka pembeni, Andy Haden wa New Zealand alijiangusha kana kwamba amesukumwa. Filimbi ikalia. Refa alieleza kwamba aliadhibu kosa jingine kabisa, lakini huko Wales kidonda hicho hakijapona. McKechnie, aliyeingia kama mchezaji wa akiba, akauweka mpira chini na kuupitisha kati ya milingoti: 13–12. Hila ilimlisha Cardiff, ikamnyima Melbourne. Kote alikosimama peke yake mbele ya maelfu, miguu na mikono yake haikutetereka, na nashawishika kwamba kila mchezo ulimfunza utulivu wa mwenzake.

Jeff Wilson, naye wa Southland, alimfuata. Mwaka 1993, akiwa kijana wa miaka 19, aliwafunga Australia midomo kwa mikimbio 44 mjini Hamilton. Mwaka huohuo akaifungia All Blacks trai tatu dhidi ya Scotland katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa. Kisha raga ikammeza. Aliporejea kwenye kriketi ya taifa ilikuwa 2005, akacheza mechi chache, basi. Siku hizi raga ya kulipwa huanza Februari, jua la kriketi bado linawaka, na kijana mwenye vipaji viwili huulizwa anauza kipi kabla hajaota ndevu.